Kaizari Aliyepotelea Fridley

Kichwa cha jiwe kina faida moja kwa mpelelezi: hakitoroki chenyewe. Hiyo ndiyo habari njema pekee aliyokuwa nayo Gwakisa asubuhi ile, na alikuwa ameimaliza yote akizunguka Saint Paul kutafuta mahali pa kuegesha gari pasipo na theluji ya kimo cha mbuzi.

"Anza tena," alimwambia Generosa. "Kuanzia Jumamosi."

"Kaka Gwakisa, nimeshaanza tena jana, na juzi."

"Nitakoma nikisikia kitu kipya. Mimi ni kichwa kigumu, kama huyo wako."

Dokta Generosa hakucheka. Alikuwa mtu wa Bukoba, mhadhiri wa historia ya Roma ya kale katika chuo kidogo cha watu wenye majina makubwa, na siku hiyo alikuwa ameketi ofisini kwake na koti mwilini, kama mtu aliyekwisha kufukuzwa akabaki kusubiri barua tu. Kamati ya chuo ilikuwa inakaa alasiri. Kichwa cha marumaru cha Kaizari Septimius Severus, mali ya chuo, kilikuwa kimepotelea mikononi mwake. Kisipoonekana kabla ya kikao, kazi imekwisha. Na kwa kuwa kibali chake cha kuishi Marekani kilikuwa kimening'inia kwenye kazi hiyohiyo, baada ya kazi ingefuata ndege.

"Jumamosi asubuhi nilikipeleka Fridley, ukumbi wa chama chetu cha Watanzania," alisema. "Watoto wetu hapa wanafundishwa kuwa Roma ilikuwa ya Wazungu watupu. Nikataka wamguse mtu aliyezaliwa Leptis, Libya ya leo, akaja kuitawala dunia. Wakamgusa. Theluji ikaanza. Gari la kumrudisha likagoma kuwaka. Kamau, mlinzi wa ukumbi, akaniambia hakuna shughuli nyingine wikendi ile. Nikamfunika kitambaa pale jukwaani, juu ya meza. Jumapili nimerudi, meza ipo, kitambaa kipo."

"Kaizari hayupo."

"Hayupo."

"Ruhusa ya kumtoa chuoni?"

"Stacy alinipa. Kwa mdomo."

"Na Stacy anasemaje?"

"Anasema hakumbuki."

Stacy alikuwa naibu mtunzaji wa hazina za chuo. Gwakisa alimhoji juzi yake, akajibiwa kwa tabasamu zuri na sentensi ambazo ukizikamua hazitoi hata tone. Kampuni ya bima iliyomtuma Gwakisa ilimpenda sana Stacy. Ilikuwa imekwisha kuandika nusu ya ripoti kwa niaba ya Gwakisa, hitimisho likiwa "uzembe wa mtumishi", ambalo lingewaepusha kulipa. Wao walitaka sahihi yake tu. Lakini Gwakisa alikuwa ameogesha wazee miaka mingi, amelinda maegesho usiku wa baridi, ametapeliwa na mshirika wake wa kwanza wa biashara aliyekuwa pia msimamizi wa ndoa yake. Mtu wa namna hiyo hasaini kitu kilichoandikwa na mwenye haraka.

"Huyu bwana alikuwa na maadui?" aliuliza.

"Severus? Alikufa zaidi ya miaka elfu moja na mia nane iliyopita."

"Maadui wa wakubwa hawastaafu, dada."

Generosa alipumua. "Adui wake alimzaa mwenyewe. Alipokuwa anakufa, kwenye baridi ya Uingereza, aliwausia wanawe wawili wapatane, wawashibishe askari, wengine wote wasiwashughulishe."

"Wakapatana?"

"Mkubwa, Karakala, alimuua mdogo wake, Geta, mikononi mwa mama yao. Kisha akaamuru jina la Geta lifutwe kila lilipoandikwa. Kwenye milango ya ushindi, kwenye sanamu, mpaka kwenye picha ya familia. Mafundi wakatumwa na patasi nchi nzima."

"Sasa wewe umemjuaje huyo Geta?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mwalimu akatokea usoni mwa Generosa. "Kwa sababu patasi huacha kovu. Mpaka leo ukisimama Roma kwenye lango la baba yao utaona mstari mmoja umekwanguliwa. Mtu hawezi kupita asiulize: hapa palikuwa na nani?"

"Vizuri," Gwakisa alisema akivaa kofia. "Haitusaidii kitu, lakini vizuri."

* * *

Ukumbi wa Fridley ulikuwa zamani ghala la matairi, umebanwa kati ya kiwanda na maghorofa ya kupanga. Kamau alimfungulia mlango huku akitafuna.

"Boss, si ulikuja jana?"

"Jana nilikuja kuhoji wewe. Leo nimekuja kuhoji sakafu. Yenyewe haitafuni ikijibu."

"Poa. Mimi niko hapa, maswali yakiisha unaniambia nifunge."

Gwakisa alianza na ukuta, kwa sababu ukuta ulikuwa unamwangalia. Picha za wenyeviti wa chama zilipangwa kwa mstari toka mwanzilishi. Karibu na mwisho palikuwa na mraba wa rangi iliyokoza, mahali ambapo jua halikufika miaka kadhaa kwa sababu picha ililikinga. Pembeni yake ilining'inia fremu mpya, lakini imegeuzwa: mgongo nje, uso ukutani. Aliipindua. Godlisten, mwenyekiti wa sasa, suti ya buluu, mkono kidevuni kama mtu anayefikiria mambo ya taifa.

"Nani amempa Mwenyekiti adhabu?"

"Hiyo siijui, boss. Mimi ni Mkenya. Siasa zenu nawaachia."

"Na huyu aliyeng'olewa?"

"Elihuruma. Alipoteza kura Novemba. Picha ilienda wiki ileile. Na kale kachuma kwa mlango kalikuwa kameandikwa amefungua ukumbi, pia kakaenda."

Hapo Gwakisa aliona njia, na njia ikaonekana nzuri mno. Picha ya mshindi imegeuzwa uso ukutani. Aliyeshindwa ana hasira. Kitu cha thamani kinapotea ukumbini, aibu inamwangukia mshindi. Alimpigia Elihuruma palepale. Simu iliita sana, ikapokelewa na jogoo. Baada ya jogoo ndipo akaja mwanamume.

"Shikamoo mzee. Uko wapi?"

"Marahaba. Niko Arusha, Sakina. Nimekuja toka kabla ya Krismasi. Kwani nani mwenzangu?"

Njia nzuri ikafa. Gwakisa alijitambulisha, akaomba radhi, lakini Elihuruma hakuwa mtu wa kupokea simu ya kimataifa akaiacha iende bure.

"Mwambie huyo Godlisten nimesikia yote. Picha kaondoa. Kibao kaondoa. Ile sherehe ya miaka kumi, mimi niliyeianzisha, wamesoma historia ya chama kutoka mwanzilishi wakaruka mpaka kwake. Jana nasikia watu wametafuta sufuria kubwa nililowanunulia, nalo halipo. Miaka sita, kijana. Miaka sita nilizika watu, nikaoza watu."

"Pole, mzee."

"Usinipe pole. Andika."

Gwakisa hakuandika. Alikata simu akiwa amepoteza mshukiwa pekee aliyekuwa na sababu, akaketi kwenye ukingo wa jukwaa na kumtukana kimyakimya Kaizari, chuo, bima na gari la Generosa lililogoma kuwaka. Alipochoka kutukana akainamisha kichwa. Ndipo akaiona chumvi.

Minnesota nzima wakati wa baridi hutembea na chumvi ya barabarani kwenye soli. Theluji ikiyeyuka kwenye kiatu na kukauka, huacha alama nyeupe yenye umbo la kiatu. Katikati ya ukumbi alama zilikuwa zimepondana ovyo, kama watoto. Lakini kando ya ukuta wa mlangoni zilikuwa zimekaa mbilimbili, kisigino kwa kisigino, safu ndefu na ya adabu. Hakuna mtu aliyetembea na alama zile. Viatu vilivuliwa, vikapangwa, vikakauka vikiwa vimesimama.

"Kamau. Njoo nikuonyeshe wageni wako."

Kamau alikuja. Akatazama chini. Akaacha kutafuna.

"Jumamosi watoto walivua viatu?"

"Wapi. Wameingia na mabuti kama polisi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili ni yeye tu Dokta alikuja, akaanza kulia."

"Basi kati ya watoto na Dokta, kuna watu wazima wamekaa humu pekupeku. Viatu vya kina mama na vya wanaume. Watu hawavui viatu kwenye ghala la matairi ili wacheze muziki. Walikuja kusali."

Kamau alikaa kwenye kiti, akasugua magoti.

"Boss, nisikilize. Ni yule Fadhila wa pale pharmacy ya Bloomington. Babake alikufa Tanga. Walikuwa wasome hitima msikitini, barabara ikafungwa na theluji. Akanipigia, analia. Ningemwambia nini? Nikafungua. Sikumuuliza Chairman, na sheria ni kumuuliza Chairman. Akijua, job yangu imeenda."

"Jana kwa nini hukuniambia?"

"Uliuliza kama kuna mwizi aliingia. Sasa hitima ni mwizi?"

Gwakisa alikubali kwa kichwa. Kusema kweli swali lilikuwa lake, na lilikuwa bovu.

"Na ulikuwa wapi wakati wanasoma?"

"Nilienda kudrive nikalete watu wao walikwama highway. Nimerudi, wanakula. Pilau tamu, wacha nikwambie. Kitambaa kilikuwa juu ya meza, kimeinuka hivi. Sikuangalia chini yake. Kwani kichwa ya mtu ni kitu ya kuchungulia?"

Chini ya kitambaa pengine kulikuwa na birika tu. Gwakisa aliomba afunguliwe stoo. Sahani, vikombe, majiko mawili ya gesi, sufuria ndogo zimepandana. Kwenye kona palikuwa na duara pana lisilo na vumbi.

"Hapa?"

"Sufuria kubwa. Lakini hiyo huzunguka, boss. Harusi inachukua, msiba unachukua. Hakuna mtu huandika. Ukiitaka unauliza kwa grupu ya WhatsApp: jamani, sufuria iko kwa nani."

Gwakisa alikuwa anatafuta kichwa. Sufuria hakulijali. Alifunga stoo, akaelekea kusini.

* * *

Fadhila alitoka nyuma ya kaunta ya dawa, koti jeupe, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri wiki nzima. Walikaa kwenye viti vya wagonjwa wanaosubiri. Simu ya Gwakisa ilitetemeka mfukoni: bima, wakiulizia sahihi. Aliiacha itetemeke.

"Kwanza pole sana kwa msiba wa mzee."

"Tumeshapoa, kaka. Ahsante." Alimtazama. "Lakini hukuja kutoa pole. Watu wa pole hawaji na buti zimelowa hivyo."

"Jumamosi, kwenye hitima. Jukwaani kulikuwa na meza."

"Ilikuwepo. Na mzee mwenye ndevu juu yake."

Gwakisa alijizuia kusimama. "Mlimwona."

"Shangazi ndiye aliyemwona. Alivuta kitambaa atandike vitabu, akakutana naye uso kwa uso. Na jukwaa lenyewe liko upande wa kibla. Akasema, mimi siwezi kumsomea kaka yangu nikiwa nimeelekea sanamu, malaika watapitia wapi? Zile picha za ukutani pia tukazigeuza zote."

"Moja mmeisahau."

"Ya nani?"

"Ya Mwenyekiti."

Fadhila alifinya midomo ili asicheke akiwa na msiba. "Ile haikusahauliwa. Shangazi alisema yule anakodoa macho."

"Na mzee mwenye ndevu?"

"Tulidhani ni kazi ya mikono ya watoto, kaka, maana asubuhi walikuwa wao. Ila alikuwa mzito, nikasema wametumia saruji. Shangazi hakutaka kiwekwe chini, kitu cha watu ni amana, na watoto wetu walikuwa wanakimbiakimbia. Tukakizungushia khanga, tukakiingiza kwenye lile sufuria kubwa la ukumbi. Pilau letu lilikuja na vyombo vyake, lile halikuwa na kazi. Tukaweka kifuniko, tukafunga khanga ya pili juu. Stoo. Shangazi akasema nimwambie mwenyewe."

"Ukamwambia?"

"Mwenyewe nani? Niliondoka nikitokwa na machozi, nikasahau. Jumapili jioni nikampigia Kamau, nikamuuliza sufuria bado lipo stoo, akasema wamelichukua. Nikajua wenyewe wamekuja."

"Chama kizima kinatafuta kichwa cha Kaizari toka Jumapili. Kwenye grupu hamna habari nyingine."

"Mimi niko kwenye grupu? Nilitoka siku ya uchaguzi. Matusi yale, kaka, na wengine tuna wazee." Kisha akaelewa, na mkono ukaenda kifuani. "Ndiyo kile? Cha Dokta Generosa?"

"Ndicho. Anafukuzwa kazi leo alasiri kwa sababu yake."

"Ya Rabi. Basi lifuateni. Si gumu kulijua. Ni lile la Elihuruma, lina jina lake ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi hizi." Alionyesha kiganja kizima.

Mgonjwa mmoja aliitwa, akaenda, akarudi na dawa zake.

Picha ya Elihuruma iliondoka ukutani. Kibao cha Elihuruma kiliondoka mlangoni. Sufuria la Elihuruma limeondoka stoo. Asubuhi nzima Gwakisa alikuwa anamtafuta mtu anayemtaka Severus, na hakuna aliyemtaka Severus. Kaizari alikuwa ndani ya jina la mtu mwingine lilipofutwa, na aliyekuwa akilifuta ni mmoja tu, Mwenyekiti.

"Fadhila," alisema, "utakubali kumwambia mtu wa chuo haya uliyoniambia? Ya khanga na ya sufuria lenye jina?"

"Hata kwa kiapo."

* * *

Godlisten alikuwa anafanyia kazi nyumbani, Lakeville, katika nyumba mpya iliyofanana na jirani zake wote kama ndugu wa tumbo moja. Alimpokea Gwakisa mlangoni na sauti ya mkutano.

"Mpelelezi wetu. Nilikwambia jana na nitarudia: mimi kichwa hicho sijakigusa wala sijakiona. Niko tayari kuapa mbele ya mchungaji."

"Nakuamini, Mwenyekiti. Sikuja kwa ajili ya kichwa. Nimekuja kuazima sufuria."

"Sufuria gani?"

"Kuna shughuli kwetu. Sufuria la Elihuruma."

"Hakuna sufuria la Elihuruma." Lilimtoka haraka. "Kuna sufuria la chama. Mtu hawezi kununua chombo kwa michango ya watu halafu akajiandika ubavuni. Hiyo ndiyo tabia tunayoiondoa."

"Mlikuwa mnaiondolea wapi? Gereji?"

Baridi iliingia kupitia mlango uliokuwa wazi. Godlisten alitazama barabarani, kama kuna jirani wa Lakeville anayejua Kiswahili.

"Nani amekwambia?"

"Duara lisilo na vumbi, stoo. Nivue buti au tupitie nje?"

Walipitia nje. Mlango wa gereji ulipanda ukilalamika. Ndani, nyuma ya mashine ya kusukumia theluji, Elihuruma alikuwa amerundikwa: picha yake kwenye fremu, kibao cha ufunguzi, bendera ndogo iliyotiwa sahihi, na kombe la mpira wa miguu alilowahi kulitoa. Sufuria lilikuwa nyuma kabisa, limefungwa khanga juu ya kifuniko, ubavu wenye jina umeelekezwa ukutani.

"Nililichukua Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, kwa ufunguo wangu," Godlisten alisema. "Kuna fundi Burnsville anakwangua rangi. Nilikuwa nalirudisha, sikuiba."

"Halikukushangaza kuwa zito?"

"Limefungwa khanga, kaka. Ukiona chombo kimefungwa hivyo unajua kuna mtu kajiwekea nyama. Nikasema sifungui cha mtu. Na gereji mwezi huu ni friza tosha. Nilisubiri aulize."

"Kwenye grupu hakuuliza mtu?"

"Waliuliza sufuria." Alikohoa. "Sikujibu. Ningejibu wangesema nimelificha."

Gwakisa alivuta chombo mpaka kwenye mwanga. Jina likageuka nalo, jekundu, ELIHURUMA, likizunguka ubavu kama mshipi. Alifungua fundo, akainua kifuniko, akafunua khanga ya ndani. Septimius Severus alimtazama toka chini, ndevu zake za mafundo mafundo zikiwa na umande ulioganda. Pua ilikuwepo. Masikio yalikuwepo. Kwa mtu aliyekufa kwa baridi ugenini na kisha kulala gereji Minnesota, alikuwa na hali nzuri.

Godlisten alipiga hatua nyuma. "Mungu wangu. Alikuwa humu siku zote?"

"Amekaa kwa mwenyekiti mwenzake."

Gwakisa alitoa simu, akarudi nyuma mpaka chombo kizima kikaenea kwenye picha. Godlisten aliinama upesi, akashika mpini.

"Ngoja. Tuligeuze kidogo."

"Usiguse."

"Kidogo tu, kaka. Kichwa kinaonekana hata upande huu. Hilo jina lina kazi gani kwenye mambo ya chuo?"

"Jina ndiyo kazi yenyewe. Nikimpiga picha huyu peke yake, Stacy atasema Generosa alikuwa amemficha nyumbani kwake. Fadhila anashuhudia walimweka kwenye sufuria lenye jina hili. Kamau anashuhudia lilikuwa stoo. Wewe unashuhudia ulilitoa stoo. Ukiondoa jina, hakuna kamba inayowaunganisha, na dada wa watu anapanda ndege."

"Andika tu imepatikana gereji."

"Gereji ya nani?"

Godlisten alitazama mlango wa gereji uliokuwa wazi.

"Mwenyekiti, una dakika chache za kuchagua. Kuna mwanamke amekaa ofisini na koti."

Mkono ulibaki kwenye mpini. Godlisten alikuwa mtu aliyeomba kura kwa kubisha hodi kila nyumba toka Fridley mpaka Lakeville, akitembea kwenye barafu na viatu vya ngozi, na alijua vizuri picha ile ingefika wapi kabla ya jua kuzama. Aliutazama mshipi mwekundu wa herufi. Kisha akauachia mpini, akasogea pembeni, akaingiza mikono mfukoni.

"Piga. Ila mimi nisionekane."

"Utakuwa kivuli tu."

Alipiga mbele, akapiga kwa juu, akapiga jina kwa karibu mpaka michirizi ya brashi ikaonekana. Alimtumia Stacy zote, pamoja na namba ya Fadhila na maneno machache: kimepatikana, kizima, hakikutoka mikononi mwa Dokta kwa uzembe, mashahidi watatu. Nakala akaipeleka bima. Halafu akampigia Generosa.

"Pua?" ndilo neno lake la kwanza.

"Ipo."

Upande wa pili zipu ya koti ikasikika ikishuka.

"Alikuwa wapi?"

"Utacheka, lakini si leo. Unakumbuka ile habari yako ya Geta, niliyosema haitusaidii kitu?"

"Nakumbuka."

"Basi usimwambie mtu nilisema hivyo."

Walisubiri gerejini, mpelelezi na mwenyekiti, Kaizari katikati yao, bila mtu wa kumfunika. Bima walijibu kwanza: hawakutaka sahihi tena, walitaka kujua kwa nini wamlipe mafuta ya gari mpaka Lakeville. Gwakisa alitukana kwa Kinyakyusa. Stacy akafuata, na ujumbe wake ulikuwa mrefu kuliko kawaida yake. Kikao cha kumjadili Generosa kimefutwa. Fadhila amekwisha kuzungumza nao. Kuhusu ruhusa ya mdomo, yeye Stacy sasa amekumbuka. Picha zimeingizwa kwenye jalada la kudumu la kichwa kile, ambalo halifutwi wala halipunguzwi. Kisha mwishoni, kwa adabu, swali: kwa ajili ya maelezo ya picha, huyu Elihuruma anayesomeka pale chini ya kidevu ni nani, ni kaizari mwingine?

Godlisten alikuwa anasoma juu ya bega lake.

"Mwambie hapana," alisema. "Mwambie ni jina la sufuria tu."

Gwakisa alivua glavu moja kwa meno. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akaandika polepole.

"Aliwahi kuwa."